Sauti ya Pili: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Ndugu Wanaoimba Pamoja

Toleo lililopita niliandika habari za The Lion's Roar, albamu ya nyimbo kumi iliyotoka Januari 2012, ya ndugu wawili wa Uswidi, Johanna na Klara Söderberg, wanaojiita First Aid Kit. Nilisema kwamba gitaa, ngoma na kinanda humo vimewekwa kuwahudumia wao wawili, na kwamba ukiiondoa sauti ya pili katika nyimbo zile, yaani ile inayokwenda juu au chini ya sauti inayoongoza, mtu hatazirejea tena. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi, na zaidi zimetoka Pemba, jambo lililonifurahisha sana. Nimechagua hizi. Zile ndefu nimezifupisha, lakini maneno ni yenu.

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Nina wadogo zangu wawili wa kike, mmoja yupo kidato cha pili, mwengine cha nne. Tangu niwawekee albamu hiyo kwenye simu hawaachi. Wanaosha vyombo wanaimba, wanafua wanaimba. Majirani wanasema wana sauti moja. Rafiki yao wa skuli alijaribu kuimba nao, haikupendeza. Nauliza: hii ni damu tu, au mtu hufundishwa?*
Kaka mtu, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Damu imo, lakini kazi kubwa imefanywa na nyumba.

Tuanze na damu. Sauti inaanzia kwenye nyuzi za kooni, ila rangi yake inaipata njiani, kwa umbo la koo, kaakaa, mdomo na pua. Maumbo hayo hurithiwa, na ndiyo maana ukipiga simu nyumbani kwa watu unaweza kumwamkia binti ukidhani umempata mama yake. Sauti mbili zenye rangi moja zikikutana, sikio linashindwa kuzitenga. Hapo ndipo majirani zako waliposema wanavyosema.

Sasa nyumba. Wadogo zako wamejifunza kusema kwa mama mmoja. "A" yao inafunguka kiasi kimoja, "o" yao inakusanya midomo kiasi kimoja, na "e" yao ni ya Wete, siyo ya Mkokotoni. Watu wakisikia sauti mbili hazikai pamoja hulaumu kimo, wakasema huyu kapanda, yule kashuka. Nimefundisha watoto wengi, na naona mara nyingi kimo hakina neno, zinazogombana ni irabu. Mmoja anaimba "e" kwa mdomo mpana, mwenzake kwa mdomo mwembamba, na sikio linasikia watu wawili waliosimama mbali. Rafiki yao wa skuli huenda hana ila yoyote. Mrudisheni, mumweke baina yao, na wote watatu waseme ubeti mmoja bila ya kuimba, pole pole, wakitazamana midomo. Wakishasema kwa mdomo mmoja ndio waimbe. Tena waanze na wimbo wa Kiswahili. Tuna irabu tano tu, na karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, kwa hiyo sauti ina pahala pa kukaa. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi na konsonanti zinazolundikana mwisho wa neno. Wale mabinti wa Kiswidi wamefanya kazi kubwa kuliko inavyosikika.

Jambo la tatu ni pumzi, na hili ndilo linalochukua muda mrefu kulipata. Wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja hawahesabu. Kila mmoja anausikia mchi wa mwenzake ukiinuka, akajua zamu yake. Wasikilize Johanna na Klara mwanzo wa mstari, kabla ya neno la kwanza. Wanavuta pumzi moja. Kisha sikiliza mwisho wa mstari: ile "s" au "t" ya mwisho inafungwa mara moja, na wawili. Hilo halitoki kwenye damu. Linatoka kwenye kulala chumba kimoja, kugombania mto mmoja, na kuimba nyuma ya gari la baba miaka na miaka.

Na kama ingekuwa damu peke yake, basi wimbo wa pili wa albamu hiyo, "Emmylou", usingekuwa na maana. Umetaja waimbaji wanne wa kikantri wa Marekani: Emmylou Harris na Gram Parsons, June Carter na Johnny Cash. Hakuna ndugu kati yao. June na Johnny walikuwa mke na mume. Emmylou ndiye aliyemshikia Gram sauti ya pili katika albamu zake mbili za mwisho, za 1973 na 1974. Anayeimba wimbo huo hamwombi mwenzake mapenzi makubwa, anamwomba aimbe naye tu. Mwaka 2015 ndugu hao waliuimba mjini Stockholm mbele ya Emmylou mwenyewe, alipokuwa anatunukiwa Tuzo ya Muziki ya Polar, na mama yule akatokwa machozi mbele ya watu. Mimi nayaelewa machozi yale. Sauti ya pili haishukuriwi mara nyingi.

Kwa hiyo mwambie rafiki yao asikate tamaa. Waimbaji Paul Simon na Art Garfunkel hawakuwa ndugu, walikua pamoja tu mtaa wa Queens, New York, wakiwaiga ndugu wawili ambao nitawataja katika barua inayofuata.

*Mwalimu, mimi nafanya kazi studio ndogo hapa Michenzani, narekodi singeli na zenji fleva. Naona unawapamba sana hao wasichana. Siku hizi kila kitu ni programu. Nipe waimbaji wawili wowote, nitawanyoosha kwenye kompyuta mpaka useme wamezaliwa tumbo moja. Sikuvunjii heshima, lakini waambie watu ukweli.*
Fundi mitambo, Michenzani

Hujanivunjia heshima, mwanangu, na kazi yako naiheshimu. Kweli programu zipo. Ipo ya kunyoosha kimo cha sauti, na ipo ya kusogeza silabi ya mmoja iangukie juu ya ya mwenzake. Lakini programu mashuhuri ya kunyoosha sauti, Auto-Tune, ilianza kuuzwa 1997. Rudi nyuma miaka thelathini na tisa. Mwaka 1958 Don na Phil Everly, wale ndugu wawili wa Kimarekani niliowaahidi, waliokuwa tayari na nyimbo zinazopigwa kila redio, waliingia studio mjini Nashville na gitaa na besi kubwa ya kusimama, basi. Wakarekodi nyimbo kumi na mbili za zamani, wakaiita albamu Songs Our Daddy Taught Us, kwa kuwa nyingi wamezipata kwa baba yao Ike, mpiga gitaa. Isikilize kwa hedifoni zako za kazini. Hakuna pa kujificha mule, na wala hakuna aliyejificha.

Na hao wa Uswidi, kabla ya albamu, kabla ya studio yoyote kubwa, mwaka 2008 walijirekodi video msituni na gitaa moja, wakiimba wimbo wa bendi ya Fleet Foxes. Klara alikuwa bado kijana mdogo kabisa. Ndiyo video iliyowatoa. Albamu yao ya kwanza ikafuata 2010. Walipofika Omaha, Nebraska, kwa mtayarishaji Mike Mogis kurekodi The Lion's Roar, kitu chenyewe kilikuwa kimeshapikika nyumbani.

Ila nikuongezee jambo moja la ufundi, kwa sababu wewe utalielewa kuliko wengine. Kinanda kimeigawa oktava, yaani kutoka "do" mpaka "do" ya juu yake, katika nusu-sauti kumi na mbili zilizo sawasawa. Mgawanyo huo ni mzuri kwa kazi, lakini "mi" ya kinanda imepanda kidogo kuliko ile "mi" inayotulia kabisa juu ya "do", imepanda kwa sehemu kama 14 kati ya 100 za nusu-sauti. Waimbaji wawili wasiokuwa na kinanda, wakisikilizana vizuri, hushuka wenyewe mpaka pale pahala pa kutulia. Utajua wamefika kwa kuwa ule mtetemo baina ya sauti zao unakwisha. Programu ukiiachia kwenye mpangilio wake wa kawaida inawavuta wote wawili kwenye ngazi za kinanda. Kwa hiyo unapowanyoosha, wakati mwengine unakiondoa kile kile walichokuwa nacho. Siku moja wawekee waimbaji wako maikrofoni moja, wasimame uso kwa uso, urekodi bila ya kugusa kitu. Everly walikuwa wakiimba kwenye maikrofoni moja jukwaani, na usawa wa sauti waliufanya wenyewe kwa kusogea na kurudi nyuma.

*Shikamoo si yangu kukupa, mimi ni mtu mzima kuliko wewe, kwa hiyo nakupa salamu tu. Nimesoma makala yako kwa kusomewa na mjukuu. Nimeimba na kusikiliza taarab tangu utoto. Swali langu: kwa nini sisi hatuna hayo ya mmoja juu mmoja chini? Waitikiaji wetu wote huimba sauti moja. Je, tumepungukiwa na elimu?*
Mzee wa Makunduchi

Shikamoo, mzee wangu, na ahsante kwa kunisoma kupitia mjukuu. Hatukupungukiwa. Tumekwenda njia nyengine.

Nimekua Kikwajuni, na ujana wangu nimeitikia katika kikundi cha taarab, kwa hiyo hili nalisema kutoka ndani. Klabu ya Ikhwani Safaa imeanzishwa 1905, na muziki uliojengwa hapo na katika vikundi vilivyofuata una elimu yake kamili. Fidla, nai, udi, ganuni, akodiani, vyote vinafuata mahadhi mamoja, kila chombo kikiyapamba kwa namna yake. Mwimbaji naye anayapamba. Utamu upo kwenye pambo, na pambo linataka nafasi. Mwimbaji akifika mwisho wa mshororo akaikunja sauti, akaishusha, akairudisha, yule wa pili uliyemweka juu yake afanye nini? Akimfuata mkunjo kwa mkunjo, pambo limekuwa gwaride. Asipomfuata, wanagongana.

Kisha kuna maqamu, yaani skeli zetu, mpangilio wa ngazi za sauti ambao mahadhi hujengwa juu yake. Chukua hijazi, unayoijua vizuri kuliko mimi. Baina ya ngazi yake ya pili na ya tatu pana mruko mpana, na mruko huo ndio unaomfanya mtu ukumbini atoe kite. Sasa mpe mtu wa pili sauti iliyo ngazi mbili juu ya mahadhi, kama wanavyofanya Everly. Wakati wa kwanza anaruka ule mruko, wa pili anapanda hatua ya kawaida tu. Mmoja anaimba hijazi, mwengine anaimba kitu chengine. Ama maqamu ya rasti, ngazi yake ya tatu imekaa katikati, si "mi" kubwa wala si "mi" ndogo, na akodiani haina kibonye chake. Nyimbo za Everly na za First Aid Kit zimejengwa juu ya skeli ambazo zinakubali kupandiana ngazi mbili mbili bila ya kupoteza tabia yake. Maqamu zetu nyingi hazikubali.

Hata hivyo, mzee wangu, nisikufiche kwamba nimejaribu na wanafunzi wangu, na kuna pahala inakubali. Mmoja aimbe mahadhi na mapambo yake yote, mwengine akae tu juu ya sauti ya msingi, mdomo umefungwa, asiondoke. Mahadhi yanapata sakafu. Na kwenye mstari wa mwisho wa kiitikio, ambapo mahadhi hutulia na mapambo yamekwisha, hapo waachie wafunguke sauti mbili, mara moja, kisha warudi. Kila ninapowafundisha hivyo nasikia watu wazima barzani wakinyamaza. Zaidi ya hapo sitaki, na simshauri mtu.

Na usione kwamba sauti za ndugu ni jambo la Wazungu. Redio yetu imepiga dansi la bara na la Kenya miaka yote. Simba Wanyika ilikuwa bendi ya kina Kinyonga, Wilson na George, ndugu wa Tanga waliopitia Arusha wakahamia Nairobi mwanzo wa miaka ya 1970. Viitikio vyao vya rumba vinakwenda sauti mbili, tatu, kwa wepesi unaoniliza. Them Mushrooms wa Mombasa nao walikuwa nyumba moja, kina Harrison. Mjukuu akuwekee, usikilize viitikio tu, gitaa liache.

*Bi Mwalimu, mimi na mdogo wangu tunaimba kwenye harusi na sherehe za skuli, mbele ya wanawake tu. Tulikuwa vizuri. Sasa ameanza kusema anataka yeye sauti ya juu kwa sababu ndiyo inayosikika, na mimi niende chini. Mimi ndiye mkubwa. Mama amechoka na sisi. Utuamue.*
Dada mkubwa, Chake Chake

Mwanangu, siamui kwa umri, naamua kwa koo. Tafuteni kinanda, hata cha kwenye simu. Kila mmoja ashuke sauti kwa sauti mpaka pale ambapo inakuwa upepo, kisha apande mpaka pale ambapo shingo inakaza. Ziandikeni. Mwenye nafasi zaidi juu ndiye wa juu katika wimbo ule. Wimbo mwengine, ukianza pahala pengine, mambo yanageuka. Katika ndugu wa Everly Phil ndiye aliyekuwa mdogo, na ndiye aliyekuwa akiimba juu. Don mkubwa alishika chini na ile mistari ya peke yake. Kwa First Aid Kit, Klara mdogo ndiye anayeongoza mara nyingi, Johanna mkubwa anamfuata. Hakuna aliyepungua.

Ila naona ugomvi wenu hauko kwenye kimo. Mdogo wako anadhani anayesikika ndiye anayeimba. Mwambieni mama awarekodi wimbo mmoja mara mbili: mara moja wa juu peke yake, mara ya pili nyote wawili. Sikilizeni pamoja, bila ya kusema kitu. Mimi nilikuwa wa chini kwa dada yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Tukichambua mchele nyuma ya nyumba, yeye akianza wimbo popote anapotaka, kazi ya kumtafutia pahala pa kukanyaga ilikuwa yangu. Nikimkosa, wimbo wake ulikuwa mzuri wa kawaida. Nikimpata, mama anatoka jikoni. Anayeshika sauti ya pili anahitaji masikio makali zaidi, maana lazima ajue mwenzake anakwenda wapi kabla hajafika.

Na ugomvi usiuchezee. Don na Phil waliimba pamoja tangu watoto kwenye kipindi cha redio cha wazee wao. Julai 1973, jukwaani California, Phil alivunja gitaa lake akatoka, Don akamalizia peke yake. Wakakaa miaka kumi wametengana. Septemba 1983 wakasimama tena pamoja ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na sauti zilikuwa pale pale. Lakini miaka kumi imekwenda, na hawakuimba. Phil amefariki 2014, Don 2021.

Wekeni sheria moja tu nyumbani: anayeshika sauti ya pili ndiye anayechagua kimo cha kuanzia. Mtaona kila mmoja ataitaka ya pili.

*Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Mkoani. Nafurahi wanaimba, bora kuliko kuzurura. Ila wanaimba Kizungu wasichokijua. Nikiwaambia waimbe vya kwetu wanasema vya kwetu ni vya ngoma, haviingii gitaa. Ni kweli?*
Mama, Mkoani

Dada yangu, si kweli, na nimeisoma barua yako mara nyingi kwa kuwa imenigusa.

Kwanza usiwakataze hicho Kizungu. Johanna na Klara ni Waswidi, wamekulia Stockholm, na walianza kwa kuiga nyimbo za kikantri za Marekani, nchi ya mbali na yao, kwa lugha isiyokuwa ya mama yao. Kuiga ni skuli. Unachoweza kufanya ni kuwaambia wakupe maana ya kila mstari kwa Kiswahili kabla ya kuuimba. Wasioweza, wasiuimbe mpaka waulize.

Pili, muziki huu wanaoupenda, ukiondoa mavazi, ni nyimbo za watu wa kawaida zilizotiwa gitaa. Na Pemba ina nyimbo za watu wa kawaida kuliko watu wanavyojua. Msimu wa karafuu, zikishuka kutoka shamba jioni, wanawake na watoto wanakaa kuzichambua, karafuu huku, vikonyo kule, mpaka usiku. Nyimbo za hapo zina mwendo wa mikono, hazina haraka, mahadhi yake hayapandi sana wala hayashuki sana, na mmoja anaanzisha wengine wanapokea. Hizo zinakubali sauti ya pili bila ya taabu yoyote. Zipo za kubembelezea watoto. Zipo za kusuka ukili. Kibati nacho, ngoma ya hapo Pemba, kina sehemu ya kupokezana maneno mbio mbio na sehemu ya kuimba. Ile ya kuimba inafaa. Za unyago ziacheni pale zilipo, zina wenyewe na wakati wake. Kasida nazo msizitie gitaa bila ya kumuuliza mwalimu wao wa madrasa.

Nenda nao kwa bibi yao, au kwa bibi yeyote wa mtaani anayejua. Mwombe ruhusa ya kumrekodi. Simu muiweke juu ya kiti mbele yake, msiishike mkononi, na feni lizimwe. Aimbe mara moja yote bila ya kukatizwa, kisha awaeleze wimbo ulikuwa wa kazi gani na kaupata kwa nani. Hayo nayo yarekodiwe. Siku watoto wakiuimba mbele ya watu, walitaje jina la bibi huyo kwanza.

Ama gitaa, chords tatu (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinatosha, na kwa nyimbo nyingi za kuchambulia mbili zinatosha. Waanze bila ya gitaa kabisa. Mmoja aimbe kama bibi alivyoimba, asibadilishe kitu. Mwengine akae kwenye sauti moja ya chini mpaka aichoke, na akiichoka aanze kutembea. Atajikuta amefika kwenye sauti ya pili bila ya kufundishwa na mtu. Wakikwama, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa hapa Unguja mwaka 2002, kinafundisha gitaa na udi na ganuni kwa pamoja. Wakija mjini likizo, wapeleke wakaone vijana wenzao wanavyochanganya.

Wanne, umesema? Basi usiishie wawili. Huyo mdogo kabisa mpe kupiga kofi.

*Mwalimu mwenzangu, nafundisha sekondari hapa Unguja, nina klabu ya muziki ya saa za jioni. Nitajie albamu nyengine za ndugu, lakini zisiwe nyingi, bando ni ghali.*
Mwalimu, Mjini

Nitakutajia zile ninazozirudia mwenyewe. Kate na Anna McGarrigle wa Montreal, Kanada, albamu yao ya 1976 inayobeba majina yao. Sauti zao si za kupigwa pasi, zinakwaruza, na humo umo wimbo wa Kifaransa ambao watoto wataupenda bila ya kuuelewa. The Roches, ndugu watatu wa kike wa New Jersey, albamu ya 1979. Watatu ni hesabu ngumu kuliko wawili, na hao wanapenda kukaribiana sauti mpaka zinaumana makusudi; wasikilizishe wanafunzi wako wakubwa. The Staves, watatu wa Watford, Uingereza, Dead & Born & Grown ya 2012, ni laini zaidi na ni nzuri kwa kufundishia irabu. Na kwa Afrika, Lijadu Sisters wa Nigeria, Taiwo na Kehinde, mapacha, albamu ya Danger ya 1976. Hiyo si muziki wa gitaa la barazani, ina besi na ngoma za kutosha, lakini utasikia pacha wawili wanavyoimba sauti moja hasa, kisha wakaachana kidogo, kisha wakarudi, na huwezi kusema ni nani aliyeondoka.

Kama bando linaruhusu moja tu, chukua ile ya Everly ya 1958 niliyomtajia fundi wa Michenzani. Vyombo ni vichache, kwa hiyo kila sauti inasikika yenyewe. Ligawe darasa: nusu wamfuate Don chini, nusu wamfuate Phil juu, wimbo mmoja wiki nzima, kisha wabadilishane. Wale watakaolalamika kwamba ya chini haina mahadhi, waache humo wiki moja zaidi.